Bakuli la Kupimia Maneno

Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, Mwasiti alipangusa madawati. Alilowesha kitambaa kwenye ndoo ya mlangoni, akaanza na safu ya dirishani, akaja ya kati, akamalizia na ya ukutani, na kila alipopita kitambaa kilirudi kimejaa mchanga mwembamba wa kijivu uliodondoka usiku kutoka juu. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Aliwaona walimu wenzake wakipangusa, naye akapangusa, hata ikafika wakati mkono ukawa unakwenda wenyewe, kama mkono wa mtu anayechambua mchele huku mawazo yake yako kwingine.

Asubuhi hiyo mkono uligota. Juu ya dawati la Kidawa, pale hasa ambapo mtoto yule alizoea kulaza kichwa akichoka, palikuwa na jiwe kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Ubao wa dawati ulikuwa umepasuka. Mwasiti aliliinua jiwe kwa mikono miwili, akatazama juu. Paa la nyasi lilikuwa na tundu jipya, na ndani ya tundu hapakuonekana mbingu. Palionekana tumbo jeusi la Jabali.

Alikuwa bado amelikumbatia lile jiwe alipohisi mkono begani.

“Usishtuke kwa sauti,” alinong'ona mwanamke nyuma yake. Alikuwa Bi. Mwatano, mpishi wa shule, amevaa sapatu zake za sufi zisizosikika zikitembea. Pamoja naye alisimama Bwana Kisinja, mtu mrefu mwenye shingo ya kujivuna, ambaye cheo chake kilikuwa Mpima Maji wa Chama.

“Mwalimu Mwasiti,” alisema Bwana Kisinja kwa sauti ya pumzi tupu, “kamati imekaa na imekuchagua. Mwaka huu wewe ndiye Mdomo.”

“Mimi? Mimi ni mgeni.”

“Ndiyo uzuri wako. Halafu una sauti ya mtu anayeomba radhi hata anaposalimia. Kamati imevutiwa sana.”

Mwasiti alitaka kuwaonyesha jiwe. Bi. Mwatano aliliona mwenyewe, akalitazama kwa kitambo kidogo, kisha akalichukua mikononi mwake taratibu kama mtu anayepokea mtoto, akaenda kuliweka nje nyuma ya ukuta, penye rundo la mengine.

*

Namna alivyofika Kimyani haina haja ya kusimuliwa. Walimu hupelekwa mahali wasipopajua kila siku, na si jambo la kushangaza. Linalostahili kusimuliwa ni nchi yenyewe.

Mji mkuu wa Kimyani umejengwa chini ya jabali moja kubwa lililotokeza mlimani kama ukingo wa paa. Asubuhi kuna kivuli, mchana kuna kivuli, na jua huingia jioni tu, kwa mlalo, likiwa limekwisha nguvu. Wakimyani huliita Mheshimiwa Jabali, na wanaamini kwamba lina masikio. Siku mtu atakapopaza sauti chini yake, litakasirika na kushuka. Kwa hiyo nchi nzima hunong'ona. Kengele ya shule haina ulimi. Mlinzi huitikisa tu, na wanafunzi hufundishwa kuitazama. Mbwa wamezoezwa kupiga miayo badala ya kubweka. Harusini wanawake hufungua vinywa na kupunga viganja mbele ya midomo, na hivyo ndivyo vigelegele vya huko. Mtu akizidiwa na kicheko hukificha ndani ya mto, na hakuna nyumba yenye heshima isiyokuwa na mto wa kuchekea sebuleni. Mtoto mchanga akilia usiku hukimbizwa ng'ambo ya kilima mpaka anyamaze. Wapo waliorudishwa kwa mama zao wakiwa wameshaota meno.

Darasani, watoto walikariri majedwali ya kuzidisha kwa kuchezesha midomo tu, na mwalimu alisahihisha kwa kuitazama. Mwezi wa kwanza Mwasiti aliona jambo hilo la kupendeza. Mwezi wa pili lilimkosesha raha. Alipowatazama watoto wale wote wakifungua na kufunga vinywa bila sauti, alikumbuka samaki waliotolewa majini.

“Mwalimu,” Kidawa aliwahi kumnong'oneza, “ni kweli kwenu watu hupigiana kelele barabarani?”

“Kweli.”

“Na jiwe haliwaangukii?”

“Kwetu hakuna jiwe.”

Mtoto alifikiri sana. “Sasa mnaogopa nini?”

Mwasiti alikuwa mtu wa kuogopa mengi. Aliogopa kusimama mbele ya watu wazima, aliogopa kuulizwa bei sokoni, na kwao, kwenye vikao vya walimu, alikuwa akikaa karibu na mlango na kuunga mkono kila hoja ili asiulizwe sababu. Pengine ndiyo maana Kimyani ilimpokea kama binti yake.

*

Chama cha Wafanyakazi wa Elimu, Tawi la Chini ya Jabali, kilikuwa cha watu wote wa shule: walimu, wapishi, walinzi na wafagiaji. Kila mwaka kilikuwa na kazi moja, nayo ni kufikisha lalamiko. Si malalamiko, bali lalamiko, kwa kuwa sheria iliruhusu moja tu. Lilizaliwa kikao cha kwanza, likapimwa, likapozwa, likatiwa shukrani, na mwisho wa mwaka likafikishwa mbele ya Msikilizaji Mkuu, ofisa wa serikali ambaye nyumba yake ilikuwa mbali sana na kivuli, kule juani, kwa sababu za kikazi. Lalamiko halikuandikwa popote. Wakimyani walisema kuwa neno likishaandikwa ni gumu kulipoza. Lilibebwa kichwani na mtu mmoja, na mtu huyo ndiye Mdomo.

Kikao cha kuzaa kilifanyika chumba cha walimu. Wajumbe walivua hata sapatu. Katikati ya meza lilikaa bakuli pana la udongo, limejaa maji hadi ukingoni, na Bwana Kisinja alikuwa ameinamia juu yake, amezuia pumzi. Kazi yake ilikuwa kutazama uso wa maji. Neno likitamkwa na maji yakatulia, neno hilo ni jema. Yakicheza, neno hilo lina makali, Jabali litalisikia, na lazima liondolewe.

Mwenyekiti Ndaro, mwalimu mkuu mnene mwenye macho ya huruma, aliuliza nani ana lalamiko. Wajumbe walitazama meza. Ndipo Mwalimu Chausiku, aliyefundisha darasa moja na Mwasiti na kumpa chumba nyumbani kwake, akainua kidole.

“Ufa umefika juu ya darasa letu,” alinong'ona. “Watoto wahamishwe kabla ya masika.”

Hapakuwa na mtu aliyesogea. Nje, mahali fulani juu, kitu kilisagika kidogo kama jino la mtu aliyelala. Uso wa maji ulijikunja, duara ndani ya duara.

Bwana Kisinja aliinua kidole chake kirefu. “Yamecheza.”

“Neno gani?” aliuliza Mwenyekiti.

“Ufa.”

“Utaratibu, Mwenyekiti,” alisema Bi. Mwatano. “Mimi nikitwanga jikoni, maji ya sufuria yote hucheza. Tuache kutwanga?”

“Kutwanga hakumo kwenye ajenda, Bi. Mwatano.”

“Na ufa umo?”

“Ulikuwamo. Sasa tunautoa. Wajumbe, nani ana neno la kuweka badala yake?”

Mlinzi mmoja alipendekeza “mstari”. Mwalimu wa hesabu alisema mstari una mwanzo na mwisho, na hilo linaweza kumtia Mheshimiwa wasiwasi. Walijadiliana hadi uji ukapoa. Mwishowe Mwenyekiti mwenyewe akapata neno, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata funguo zake mfukoni.

“Changamoto,” alisema.

Wajumbe walilirudia mmoja mmoja juu ya bakuli, wakalisikilizia ulimini. Maji yalitulia tuli. Bwana Kisinja alitikisa kichwa kwa furaha, na kamati nzima ikaunga mkono kwa kupepesa macho.

“Mdomo,” Mwenyekiti alimgeukia Mwasiti, “rudia, mwanangu.”

“Changamoto imefika juu ya darasa letu,” alisema Mwasiti. “Watoto wahamishwe kabla ya masika.”

“Vizuri. Sauti kama hariri. Tutaendelea mwezi ujao.”

Chausiku aliinua kidole tena, kisha akakishusha.

*

Mwezi uliofuata waliondoa “imefika”, kwa sababu kitu kinachofika kinaweza kuendelea. Baadaye waliondoa “wahamishwe” wakaweka “wakumbukwe”. “Kabla ya masika” ilichukua vikao viwili, kwa kuwa mwalimu wa jiografia alishikilia kwamba masika yatakuja tu hata yakiondolewa kwenye lalamiko. Walimpigia kura ya macho, akashindwa, na ikawekwa “kwa wakati muafaka”. Kila badiliko Mwasiti alilimeza, akaliweka mahali pa lile lililotolewa. Lakini yaliyotolewa hayakwenda popote. Alikaa nayo kifuani. Akiwa njiani kwenda sokoni, maneno yale ya kwanza yalijirudia yenyewe: ufa umefika, ufa umefika.

Alimhamisha Kidawa kutoka safu ya kati akamkalisha ukutani. Wiki iliyofuata jiwe lilidondoka safu ya ukutani, usiku, mahali pasipo mtu. Akamrudisha. Alianza kuwapanga watoto kila asubuhi upya, kama mtu anayehamisha vyombo chini ya paa linalovuja. Aliomba awafundishie nje, uwanjani, mahali penye jua la jioni. Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba kuhamisha darasa ni jambo la Msikilizaji Mkuu peke yake, na Msikilizaji Mkuu atalisikia lalamiko likishakuwa tayari.

“Litakuwa tayari lini, Mwenyekiti?”

“Likishapoa.”

Siku ya kikao cha kupoza, wajumbe walitoka kwenda kunywa uji, na Mwasiti akabaki chumbani peke yake. Alikuwa anaona haya kunywa mbele za watu. Alikaa mbele ya bakuli, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Hakukuwa na mtu aliyezungumza ndani wala barazani.

Maji yakacheza.

Alizuia pumzi, akidhani ni pumzi yake. Maji yakacheza tena, kwa nguvu zaidi, na tone moja likaruka ukingo. Mwasiti aliweka kiganja juu ya meza. Meza ilikuwa inatetemeka. Alichuchumaa, akaweka kiganja sakafuni, na sakafu nayo ilikuwa inatetemeka. Alisogea hadi ukuta wa nyuma, uliokuwa mwamba mtupu, akaweka shavu kwenye mwamba ule wa baridi. Mtetemo ulimwingia menoni. Ulitoka ndani kabisa, ukaja, ukatulia, ukaja tena, na katikati yake alisikia maji yakichuruzika mahali pasipoonekana.

Alirudi kitini akakaa. Bakuli lile halikuwa likiwasikiliza watu hata siku moja. Lilikuwa likiwaambia habari, miaka yote hiyo, nao kwa kila habari liliyowapa walijibu kwa kutoa neno.

Wajumbe waliporudi, Bwana Kisinja alilitazama tone lililomwagika, akamtazama Mwasiti. Macho yao yalikutana. Mpima Maji alitoa leso yake, akalifuta lile tone kwa uangalifu mkubwa, akaliinamia bakuli tena.

“Tuendelee,” alisema.

*

Kesho yake asubuhi, walipokuwa wakipangusa madawati, Mwasiti alimweleza Chausiku. Alieleza haraka, maneno yakikanyagana. Chausiku hakuacha kupangusa.

“Kila aliyewahi kubaki na bakuli lile peke yake anajua,” alisema.

“Na Mwenyekiti?”

“Mwenyekiti ndiye aliyenifundisha kutolitazama.”

“Sasa mbona hamsemi?”

Chausiku alikunja kitambaa, akakaa juu ya dawati. “Kuna mwalimu alikuwa Mdomo kabla yako. Tunamwita yule wa ghala, maana jina lake halitajwi. Alisimama kwenye mkutano mkuu akasema kwa sauti. Siku hiyohiyo kipande kikashuka, kikaponda ghala la Chama. Wakamtoa nje ya nchi na mke wake. Watu walipita kulitazama ghala wakasema, mmeona?”

“Lakini lingeanguka tu. Akisema, asiseme.”

“Unajuaje?”

Mwasiti alilowesha kitambaa chake tena ndooni.

“Mdogo wangu, hilo ndilo linalonizuia. Si kufukuzwa. Ukisema, halafu likashuka papo hapo, Kidawa akiwa chini yake, utajiambia nini? Utajuaje kwamba si wewe?”

“Wewe unaamini lina masikio?”

“Mchana siamini.” Chausiku alijaribu kutabasamu. “Halafu hata ningetaka. Tazama.”

Alisimama, akajishika kiuno, akafungua kinywa kwa upana, mishipa ya shingo ikamtoka. Kilichotoka kilikuwa hewa. Alijaribu mara nyingine, machozi yakimlengalenga kwa nguvu alizotumia, na ikatoka sauti ndogo mfano wa mlango wa kabati.

“Mara ya mwisho kupaza sauti nilikuwa ninazaliwa,” alisema kwa kunong'ona. “Sisi wote hapa ndivyo tulivyo. Wewe ulikuja nayo.”

Adhuhuri ile Mwasiti alikwenda nyuma ya nyumba, akainamia mtungi mkubwa wa maji, akaingiza uso ndani na kuita jina la mama yake. Alitarajia mtungi uvume. Sauti iliyomrudia ilikuwa nyembamba kama uzi, na katikati ilikatika. Aliita tena, ikatoka nyembamba zaidi. Alikaa chini kando ya mtungi, ameshika koo lake kwa mikono miwili. Ilikuwa inakwenda. Hakuna aliyemnyang'anya. Ilikuwa inakwenda tu, kwa kukosa kazi.

Alikusanya ujasiri akaenda kwa Mwenyekiti Ndaro. Alimkuta anamwagilia maua yake kwa kijiko, asifanye kelele.

“Mwenyekiti, lalamiko limebaki halina kitu ndani.”

“Limepoa, mwanangu.”

“Ufa haumo. Watoto kuhama hakumo. Masika hayamo, na tayari mawingu yameshaanza kukusanyika.”

Mzee yule aliweka kijiko chini. “Nimo kwenye kamati hii tangu nikiwa na nywele. Hakuna mwaka ambao hatukufikisha. Matawi mengine yameshindwa. Sisi tumefikisha kila mwaka.”

“Mmefikisha nini?”

“Tumefikisha,” alisema Mwenyekiti, na macho yake ya huruma yakaomba asiulizwe tena.

*

Masika yaliingia kabla ya mkutano mkuu. Mvua ya Kimyani haigongi mabati, kwa kuwa hakuna mabati. Huingia kwenye nyasi kimyakimya na hutambaa ndani ya mwamba. Mchanga wa asubuhi uligeuka tope. Wakati mwingine, katikati ya somo, watoto wote waliinua macho kwa pamoja, kisha wakayashusha kwa pamoja.

Mkutano mkuu ulifanyika katika darasa la Mwasiti, kwa kuwa ndilo lililokuwa pana kuliko yote. Wanachama walijaa hadi barazani. Watoto walikalishwa chini, mbele kabisa, ili Msikilizaji Mkuu awaone na kufurahi. Naye aliingia na mwavuli wake, mtu msafi mwenye harufu ya jua. Kabla ya kuketi, alitoa mfukoni mafundo mawili ya sufi, akayaingiza masikioni, akayasukuma kwa kidole hadi yakakaa vizuri. Huo ndio ulikuwa utaratibu, ili makali yoyote yaliyobaki yasimdhuru. Kisha aliashiria kwamba yuko tayari kusikiliza.

Bakuli liliwekwa mezani. Bwana Kisinja aliliinamia. Chausiku alikuwa ameketi sakafuni kati ya watoto, amewakumbatia wawili.

“Mdomo wa mwaka,” alitangaza Mwenyekiti kwa pumzi.

Mwasiti alisimama. Lalamiko lilikuwa tayari ulimini: Tunashukuru kwa kivuli, na tunaomba changamoto iendelee kuangaliwa kwa wakati muafaka.

“Tunashukuru kwa kivuli,” alianza.

Maji yakacheza. Bwana Kisinja aliinua kidole. “Kivuli. Litoe.”

“Tunashukuru, na tunaomba changamoto...”

“Changamoto. Litoe.”

Minong'ono ilipita ukumbini. Neno lile lilikuwa halijawahi kutolewa.

“Tunashukuru, na tunaomba...”

“Tunaomba. Litoe.” Jasho lilimtiririka Mpima Maji hadi ncha ya pua, naye alikuwa ameshika kingo za bakuli kwa mikono yote miwili, kama anayezuia mnyama.

“Tunashukuru,” alisema Mwasiti.

Maji yalipiga ukingo. Kidole kikapanda.

“Inama tu, mwanangu,” alinong'ona Mwenyekiti Ndaro nyuma yake, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. “Inama tu ukae. Watahesabu tumefikisha.”

Mwasiti aliinama. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Hakuna aliyezungumza, hakuna aliyekohoa. Na katika kimya kile maji yalianza kuruka, yakamwagika mezani, yakatiririka hadi sakafuni, na watu wote wa Chama cha Wafanyakazi wa Elimu, walimu kwa wapishi kwa walinzi, wakawa wanalitazama bakuli, kila mmoja akiwa ameinamisha macho ili mwenzake asione kwamba ameona.

Alipokuwa bado ameinama, macho yake yalikuwa usawa wa watoto. Kidawa alikaa mbele yake. Mchanga mwembamba wa kijivu ulikuwa unamdondokea utosini, kidogokidogo. Mtoto aliinua mkono akaupangusa. Hakutazama juu. Mchanga ukadondoka tena, akapangusa tena. Mkono wake ulikuwa unakwenda wenyewe.

Mwasiti aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Aliogopa Jabali, aliogopa kufukuzwa, aliogopa kwamba akifungua kinywa itatoka hewa kama ya Chausiku, na zaidi ya yote aliogopa kwamba haitatoka hewa. Alinyoosha mgongo. Hakutazama bakuli.

“Ufa umefika juu ya darasa,” alisema.

Ilitoka ikiwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti. Watoto, ambao wengine hawakuwahi kusikia sauti ya mtu, waliruka kama waliomwagiwa maji. Bi. Mwatano aliziba mdomo kwa upindo wa khanga. Mwenyekiti alifumba macho akisubiri. Mwasiti naye alisubiri, kucha zimemchoma viganjani.

Maji yaliendelea kucheza, vilevile kama mwanzo. Hayakuzidi wala hayakupungua. Bwana Kisinja aliyatazama, akamtazama Mwasiti, akayatazama tena, na kidole chake, kilichokuwa kimeinuka nusu, kikabaki hewani, hakijui pa kwenda.

Kutoka juu ulisikika mkwaruzo mrefu. Tope lilidondoka mezani.

Msikilizaji Mkuu aliona nyuso zimebadilika. Alikunja uso kwa adabu, akachomoa fundo la sufi kutoka sikio moja, akainama mbele.

“Samahani, Mwalimu,” aliuliza. “Umesema nini?”

Mwasiti alivuta pumzi hadi mbavu zikamuuma. Alimshika Kidawa mkono akamwinua, na sauti yake ilijaa chumba, ikatoka barazani, ikapita uwanjani kwenye mvua:

“Nimesema ufa umefika, na Jabali linashuka, tunyamaze tusinyamaze! Watoto, simameni! Tokeni nje! Kimbieni!”